Mama wa Scotland: "Binti yangu anarudi na tope hadi kwenye mistari ya nywele"

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mama wa watoto wawili, na huu ni mwaka wa sita niko Scotland na mume wangu. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, mara nyingi zamu za usiku. Mtoto wangu wa kwanza ni wa kike. Anatimiza miaka 5 mwezi wa sita na Agosti anaanza darasa la kwanza.

Tangu mwaka jana anasoma chekechea ya msituni. Naandika "anasoma" kwa kukosa neno jingine. Darasa hakuna. Kuna turubai lililofungwa kati ya miti, magogo ya kukalia, choo cha mbao na mahali pa moto. Wanashinda huko mvua inyeshe isinyeshe. Mume wangu ndiye aliyeichagua, na kwa kuwa saa za mtoto zinalipiwa na serikali, nikakubali. Wakati wa baridi nilivumilia, nikijiambia kwamba majira ya kuchipua yakifika mambo yatatulia. Sasa ni Aprili na yamezidi. Mvua na jua siku moja, tope kila mahali, na watoto wote wamepagawa na dimbwi lenye mayai ya vyura.

Jumamosi nilikaa naye saa tatu nzima nikimsuka twende kilioni. Jumatatu jioni akarudi na tope na vipande vya magome ndani ya mistari. Nililia, Mwalimu. Wiki iliyotangulia alirudi na soksi zimelowa chepechepe tangu asubuhi na hakuna aliyembadilisha. Kisha nikamkuta na kupe nyuma ya goti, nikampaka mafuta ya kupikia mpaka akaachia. Na mtoto ananihadithia kwamba amechonga kijiti na amewasha moto!

Dada yangu yuko Dar es Salaam. Mwanawe amempita wangu miezi minne tu, lakini anaandika jina lake, anasoma silabi na anahesabu hadi mia. Wangu anaandika herufi mbili za jina lake, na ya pili anaigeuza. Mama yangu akimuona kwenye simu ananiuliza, "Huyo mmempeleka shule au mmempeleka kuchunga?" Anasema baridi hiyo itampa nimonia. Sina la kumjibu.

Mtoto mwenyewe ana furaha, sikatai. Anarudi na maua mkononi na wadudu mfukoni, anauliza hiki kinaitwaje, kile kinaitwaje. Namwambia kamuulize mwalimu wako, maana hata mimi sijui.

Nimepata nafasi kwenye chekechea ya kawaida, ya ndani, kuanzia mwezi ujao. Mume wangu anasema nitamvunja moyo mtoto. Nimhamishe?

Mama Binti, Scotland

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa zamu za usiku, na pole kwa machozi ya Jumatatu. Anayesema ni nywele tu hajawahi kumsuka mtoto asiyetulia kwa saa tatu.

Jibu langu ni kwamba usimhamishe. Imebaki miezi michache kabla hajaingia shule, na ndiyo miezi minono kuliko yote msituni. Lakini katika barua yako yamo mambo ya kurekebishwa, na baadhi yake wewe ndiye uliyeona sawasawa. Nilifundisha chekechea Tanga miaka mingi kabla sijaja kufanya kazi hiyohiyo Scotland, ndani na nje, kwa hiyo haya nayasema kwa kuyafanya.

Nianze na kupe, maana hilo halisubiri. Usimpake tena mafuta ya kupikia, wala mafuta ya taa, wala usimchome kwa kiberiti kama tulivyowafanyia mbwa na mbuzi nyumbani. Kupe anayesumbuliwa anaweza kutapika alichonacho tumboni kiingie kwenye jeraha. Nenda famasi ununue kibanio chenye ncha nyembamba au kile kijiti chenye ndoana cha kutolea kupe. Kwa kibanio, mshike karibu kabisa na ngozi, mvute juu taratibu bila kumminya, kisha safisha mahali hapo. Wengi wa msimu huu ni wachanga, wadogo kuliko punje ya ufuta, kwa hiyo ukaguzi uwe wa kila jioni: nyuma ya masikio, shingoni nywele zinapoanzia, kwapani, kitovuni, kwenye kinena, nyuma ya magoti. Mistari ya twende kilioni itakusaidia hapo, kwa kuwa ngozi ya kichwa inaonekana vizuri.

Kupe wengi hawana ugonjwa. Wachache wana bakteria wa ugonjwa wa Lyme, na hapa lipo jambo ambalo mama wa mtoto mweusi anapaswa kulijua bila kusubiri kuambiwa. Picha nyingi utakazoonyeshwa ni za duara jekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu huo huenda usionekane. Doa linaweza kufanana na alama ya kuvilia damu. Mara nyingi hutokea kati ya wiki ya kwanza na ya nne baada ya kuumwa, na linaweza kuchelewa hadi miezi mitatu. Andika kwenye kalenda tarehe uliyomkuta yule kupe wa nyuma ya goti. Ukiona doa linatanuka, au mtoto akipata homa, maumivu ya kichwa na uchovu usioeleweka, nenda kwa daktari na habari ya kupe uitaje kwanza. Ugonjwa huu hutibiwa kwa antibiotiki.

Soksi. Hilo ni kosa lao na usilimeze. Chekechea ya nje husajiliwa na kukaguliwa na Care Inspectorate (chombo cha serikali kinachokagua huduma za malezi) sawa na ya ndani, na kwa watoto wa miaka 3 na kuendelea wanaoshinda zaidi ya saa nne, kila mtu mzima hapaswi kuwa na zaidi ya watoto 8. Mtoto kukaa na miguu iliyolowa siku nzima ya Aprili, wakati upepo bado una meno, hakuna falsafa ya msitu inayolitetea. Omba nusu saa na mwalimu wake, uende mwenyewe, usimtume baba. Uliza nani anakagua miguu na mikono ya watoto na saa ngapi. Uliza nguo za akiba zinawekwa wapi. Chekechea nzuri itakushukuru kwa swali hilo. Ikikujibu kwamba watoto hawajali kulowa, niandikie tena, na huenda jibu langu likabadilika.

Nguo tulikosea sisi sote tuliotoka pwani. Tunamvika mtoto fulana ya pamba na suruali ya jinzi, halafu koti zito juu. Pamba ikilowa inashika maji na kumganda mtoto mwilini. Ngozini avae sufu nyembamba au kitambaa cha michezo, juu yake sweta, na nje kabisa ovaroli isiyopitisha maji, miguu ya ovaroli ikishuka juu ya gambuti, isichomekwe ndani. Gambuti ziwe na nafasi ya soksi nene na vidole kucheza, kwa sababu kiatu kinachobana ndicho kinachogandisha mguu. Maduka ya hisani ya huku yana ovaroli za watoto kwa bei ndogo, kwani watoto wanazikulia haraka kabla hazijachakaa.

Nywele nazo zina dawa yake. Mpake mafuta kidogo kwenye mistari, umfunge kitambaa laini cha satini, halafu kofia juu yake, kwa sababu sufu ya kofia hunyonya mafuta na kuzikata nywele. Tope likiingia, liache likauke kwanza. Likikauka linapukutika kwa brashi laini. Ukilikimbilia kwa maji linazama ndani ya mistari. Na mpaka Agosti msuke mistari minene michache, ya saa moja. Ile ya saa tatu mwekee sikukuu.

Nimonia ya bibi. Mafua na vikohozi huletwa na virusi, na virusi hupenda chumba kilichofungwa madirisha chenye watoto ishirini wanaopumuliana. Msituni virusi hivyo hutawanywa na upepo. Macho yakimuwasha na pua ikimtiririka bila homa, huenda ikawa chavua ya miti, inayojaa hewani Aprili yote hadi katikati ya Mei, basi mwone mfamasia. Kuhusu udongo, hakikisha chanjo zake zimekamilika, pamoja na ile ya nyongeza kabla ya shule ambayo huanza kutolewa mtoto akiwa na miaka 3 na miezi 4, kwa sababu ndani yake imo kinga ya pepopunda. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni kabla ya kula. Ile dawa ya kupaka mikononi bila maji haiondoi tope.

Zaidi ya hayo, udongo una upande wake mwingine. Watafiti wa Finland walichukua chekechea 10 na watoto 75 wa miaka 3 hadi 5. Kwenye baadhi ya viwanja walitandaza udongo wa msituni, nyasi na vitalu vya kupandia, watoto wakachezea hapo kila siku. Baada ya siku 28 tu, ngozi za watoto hao zilikuwa na aina nyingi zaidi za vijidudu visivyo na madhara, na vipimo vya damu vilionyesha mabadiliko katika yale yanayoongoza kinga ya mwili. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2020. Haukuthibitisha kwamba tope ni dawa, na mimi sitakwambia hivyo, lakini ulinifanya niache kukimbilia kitambaa kila mtoto anaposhika ardhi.

Jua pia umkumbushe bibi. Yeye anaishi palipo na saa 12 za mwanga mwaka mzima. Ninyi mlipita Desemba yenye saa 7, na jua la huku halitoshi kuutengenezea mwili vitamini D mpaka kuanzia mwishoni mwa Machi. Ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kuliko nyeupe kutengeneza kiasi kilekile. Mtoto anayeshinda nje Aprili na Mei anapata asichoweza kukipata nyuma ya kioo cha dirisha. Hata hivyo mpe matone yake ya vitamini D, mikrogramu 10 kwa siku, mwaka mzima, kama huduma ya afya ya huku inavyoshauri kwa watoto wa miaka 1 hadi 4. Akishatimiza 5, ngozi yake bado ni sababu ya kuendelea.

Kisu na moto: nenda ukaone kabla ya kuogopa. Utakachokikuta mara nyingi ni kifaa cha kumenyea viazi, mtoto amepiga magoti, mkono unaoshika kijiti una glavu, na mwalimu yuko ubavuni. Moto umezungushiwa magogo, na hakuna anayekatiza katikati. Anayetaka kuhama anazunguka kwa nje. Wewe na mimi tulikaa karibu na mafiga tukiwa wadogo kuliko huyo, na mafundisho tuliyopata yalikuwa kelele moja tu: "Utaungua!"

Sasa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Hapa ndipo moyo wako unapouma, na sitapita haraka.

Mtoto wa dada yako hajakosewa. Shule yake inadai hivyo, na kama anafurahia, Mungu amzidishie. Lakini usimlinganishe na wako kwa kipimo cha daftari. Nilipokuwa Tanga niliwapokea watoto wa miaka 4 wakiwa na penseli mpya na madaftari yaliyovikwa makaratasi ya magazeti. Wako walioshika penseli kwa ngumi, wakiikandamiza mpaka karatasi inatoboka, wakilia kwa mkono kuchoka. Wako wengine, hasa waliotoka mashamba, waliozoea kuchambua mchele, kufunga kuni kwa kamba na kubeba ndoo ndogo, ambao wiki ya pili mistari yao ilikuwa inatembea. Miaka ilinichukua kuelewa kwamba kuandika huanzia begani. Bega lisilo na nguvu huuchosha mkono, mkono uliochoka huvibana vidole. Binti yako anapoburuta tawi linalomzidi urefu, anapokanda tope, anapofunga fundo la kamba ya turubai, anapochukua konokono kwa vidole viwili bila kumvunja gamba, mkono wa kuandikia unajengwa. Kuigeuza herufi katika umri wake ni jambo la kawaida kabisa. Finland watoto wanaingia darasa la kwanza wakiwa na miaka 7. Huku Scotland sauti za herufi zitaanza kufundishwa kwa utaratibu Agosti hiyohiyo, na wenzake wengi watakuwa hapo alipo yeye.

Ukitaka kumsogeza, dakika kumi kabla ya kulala zinatosha. Mwandikie jina lake, herufi moja kwa wiki, aichore kwa kidole kwenye sinia la unga, au kwa mkaa uliopoa wa moto wao kwenye kigogo. Na umuombe mwalimu akuonyeshe kumbukumbu anazoandika kuhusu mtoto. Zipo, na ni haki yako kuzisoma.

Kisha kuna mstari mmoja katika barua yako ulioupitia haraka, nami nimerudi kuusoma mara nyingi. Anakuuliza majina, unamwambia kamuulize mwalimu wako, maana hata wewe hujui. Mwanangu, nadhani hili linakuuma kuliko tope. Mtoto anaingia kila asubuhi mahali ambapo unaona huna cha kumpa.

Hebu kumbuka Aprili ya Tanga. Ni masika, miezi ileile ambayo huku wanaiita ya kuchipua. Mvua imenyesha usiku, kumbikumbi wametoka, jongoo wanapanda ukuta, kila shimo la barabarani limegeuka bwawa lenye viluwiluwi. Ulipika tope kwenye vifuu, ukapamba kwa maua ya mkwaju, ukamlazimisha mdogo wako aonje. Ulicheza mdako mpaka vidole vikajua kuhesabu kabla ya kinywa. Hakuna aliyeuita mtaala, na mama yako alikupiga kofi kwa kuchafua gauni. Lakini ulijua jina la kila kilichotambaa.

Basi majina hayo unayo. Kile kinachogonga shina la mti kwa mdomo ni kigogota, na majira haya anagonga kuwaita wenzake. Anayekata hewa juu ya malisho, mkia wake kama mkasi, ni mbayuwayu. Wale wa Uingereza hukaa Afrika Kusini wakati wa baridi na Aprili hii wanarudi, baada ya kuruka kutoka bara lenu hadi kwenye msitu wa binti yako. Mwambie hivyo uone macho yake. Chura, kiluwiluwi, konokono, jongoo, sisimizi, buibui, kipepeo, bundi, kunguru: yote hayo yamo msituni humo na yana majina ya kwa bibi. Majani yale yanayowasha mwambie yanawasha kama upupu. Yale mapana yanayonuka kitunguu saumu utayatambua kwa pua kabla ya macho. Maua ya buluu yenye umbo la kengele, yanayotandika ardhi kuanzia mwisho wa Aprili, mimi nayaita kengele za msitu. Ninyi wawili mnaweza kuyapa jina lenu, mradi ajue kwamba yana sumu na hayaendi kinywani, kama lisivyoenda jani lolote ambalo mtu mzima hajalikubali. Kisha awafundishe ninyi ya Kiingereza. Nimewaona watoto wengi wa kwetu huku ambao Kiswahili chao kimebaki cha jikoni na cha kukemewa tu: kula, oga, lala, acha. Yeye ana nafasi ya kuwa nacho pia kwenye maji, miti na mbawa.

Na mama yako. Akiuliza tena kama mmempeleka kuchunga, mwambie habari ya mtoto wa Nyeri aliyekuwa akienda kijitoni kumchotea mama yake maji. Alikuta mayai ya vyura yamejipanga kama shanga chini ya majani ya nduma, akajaribu kuyainua ayavae, yakawa yanakatika vidoleni. Baadaye akawaona viluwiluwi kwa maelfu wakikimbizana majini. Mtoto huyo alikuwa Wangari Maathai, na hadithi hiyo aliisimulia Oslo, Desemba 2004, siku aliyopokea Tuzo ya Amani ya Nobel. Kati ya yote aliyokuwa nayo ya kusema siku hiyo, alirudi kwenye kijito kile, kwa sababu watoto wa sasa hawakuwa nacho tena. Bibi atanyamaza kidogo. Akishanyamaza, mpe simu mjukuu amhesabie viluwiluwi kwa Kiswahili, afike anapofika.

Nafasi ya chekechea ya ndani, warudishie wampe mwingine. Siku yako ya mapumziko, hata kama umetoka zamu, lala kwanza, kisha mchana mwambie akupeleke kwenye lile dimbwi. Yeye awe kiongozi. Vaa gambuti na wewe. Mayai msiyahamishe wala msibebe nyumbani, yatazameni hapohapo, na mrudi wiki inayofuata, na inayofuata. Mpaka shule inakaribia mtakuwa mmeona mkia unavyofupika. Kabla ya hapo mtaona miguu, na ya nyuma ndiyo itatangulia. Ikitokea, niandikie. Na kesho asubuhi weka jozi tatu za soksi kwenye mkoba wake.